Wema wa mtu baki unapofiwa na mwenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifiwa na mume Aprili 2018. Alifia Dar es Salaam, tukamzika Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nitoke edani wafiwa wenzangu hunisimamisha popote: baada ya hitima, kwenye foleni ya benki, sokoni Mgandini nikichagua nyanya. Maswali yao yanafanana, na mengi hayamhusu marehemu. Yanahusu nani alikuja, nani hakuja, na yule aliyejitokeza bila kutarajiwa na mtu. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa ninayoyajua. Pa daktari na pa shehe nimewaachia wenyewe.

Kwa nini wema wa mtu nisiyemjua unaniliza, na wa ndugu zangu haunilizi?

Wa ndugu uliutarajia. Dada yako asipokuja utanuna mwaka mzima. Akija, kafanya linalompasa. Mtu baki hana linalompasa kwako. Angepita tu na usingemlaumu.

Mume wangu alilazwa siku 11. Sisi wauguzaji wa kutoka mikoani tulikuwa tunalala ubarazani, kila mtu na mkeka wake. Jirani yangu alikuwa mama mmoja anayemuuguza baba yake. Tulijuana kwa salamu tu: umeamkaje, mgonjwa anaendeleaje, hivyohivyo. Alfajiri ile nilipoitwa na nesi, nikatoka nikakaa kwenye benchi la saruji na pochi mapajani. Shemeji akapiga simu kutoka Tanga: "Shemeji, hapo ulipo una kiasi gani?" Nikazitoa noti nikahesabu. Nikahesabu tena. Mara tatu, majibu matatu. Mimi niliyefundisha hesabu darasa la nne miaka 20 na ushei.

Yule mama akaja na chupa yake ya chai, nyekundu, kifuniko kimepasuka kafunga kwa raba. Hakusema pole. Alinimiminia chai, akatandaza khanga yake benchini, akazipanga noti: za elfu kumi huku, za elfu tano huku. Akaomba kalamu kwa nesi, akaandika nyuma ya bahasha ya dawa: gari, sanda, dereva kula. Halafu akaniangalia miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili za watu, zote mbili za mguu wa kushoto. Akavua zake akanivisha, akavaa hizo zangu mbili za kushoto, akaondoka nazo kurudi wodini.

Kwa daktari sikulia. Kwenye simu na shemeji sikulia. Nililia pale.

Ni vibaya kujisikia huru zaidi kwa mtu baki kuliko kwa wakwe?

Si vibaya. Kwa wakwe wewe ni mke wa mtoto wao aliyekufa, saa zote. Ukicheka wanasikia, ukiongeza wali wanaona, ukinyamaza wanasema una lako jambo. Kwa muuza vocha wewe ni mteja wa elfu moja. Ziko siku ambazo kuwa mteja wa elfu moja kunapumzisha kuliko kisomo.

Ila nao wakwe wamefiwa. Mimi nilichelewa kuliona hilo.

Niko edani, sitoki nje. Huo wema wa wapita njia utanifikiaje?

Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Kutoka mchana kwa haja, kama hospitali au riziki, wanachuoni wengi wanakuruhusu. Muulize shehe wako na usiumie ndani kwa kuogopa maneno ya majirani. Lakini hata usipotoka, wapita njia wanapita dirishani kwako.

Kwetu alikuwa anapita kijana wa mkate na baiskeli, saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimsimamisha, mikate miwili kila siku. Siku za matanga kijana alipita moja kwa moja bila kupiga kengele. Watu walipotawanyika, alisimama chini ya dirisha akagonga kengele mara moja, taratibu. Nikapitisha mkono kati ya nondo, nikamwambia leo nipe mmoja. Kesho yake akaja na mmoja ameshauchomoa kwenye kreti, ameushika mkononi. Hakuuliza kwa nini, wala hakuuliza mzee yuko wapi. Nadhani alikuwa kaliona turubai. Miezi minne yote sikuwahi kulitamka tena lile neno "mmoja", na hamjui ulivyo uzito wa neno hilo.

Mtu asiye na habari akiniuliza "Mzee hajambo?", nimjibu nini?

Ukiwa na nguvu, mwambie. Ukiwa huna, sema "salama" upite zako. Si uongo wa kukupeleka motoni. Utamwambia siku nyingine.

Lakini nina sababu ya kukushauri umwambie. Nilipotoka edani, mwishoni mwa Agosti, Idi ya kuchinja imeshapita, nilikuwa natembea Ngamiani, mtaa wa mafundi cherehani. Mzee mmoja akaniita: "Mwalimu! Mwambie mwenzio kanzu yake ya Idi inaliwa na mende hapa." Mume wangu alikuwa kapeleka kitambaa kabla hatujaondoka kwenda Dar. Sikujua.

Nikamwambia. Fundi akazima redio. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha bitana, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaishusha kanzu kwenye msumari, akaigeuza ndani nje kunionyesha mfuko mdogo upande wa kushoto, chini ya kwapa. "Huu alikuwa haachi kuudai. Kila kanzu. Anaweka pipi za wajukuu, anasema wewe unawakataza."

Miaka 31 ya ndoa, nafua kanzu zile kwa mikono yangu, nikidhani ule mfuko ni wa tasbihi. Ndiyo maana nasema mwambie: mtu baki huenda amebeba kipande cha mwenzio usichokuwa nacho. Muuza kahawa anajua alikuwa akibishania nini barazani. Konda anajua alipenda kukaa siti ipi. Kila mmoja ana chake kidogo, na hakileti nyumbani kwako mpaka ajue.

Fundi alikataa hela iliyobaki. Nilimwachia juu ya meza ya cherehani. Akatuma mtoto anirudishie.

Nitalipaje fadhila ya mtu ambaye sitamwona tena?

Hulipi. Sisi tumezoea daftari la rambirambi: fulani elfu tano, fulani kilo kumi za mchele, na siku yake ikifika unalifungua uone alileta nini ili usije ukapungukiwa. Sina ugomvi na daftari. Vyama vya kufa na kuzikana vinaishi kwa hilo, na bila wao ningekodi turubai kwa deni. Lakini wema wa yule wa njiani hauna ukurasa humo. Wengine huuhamishia kwa mwingine, na ni vizuri. Usijilazimishe tu mapema. Mwaka wa kwanza kazi yako ni kupokea, na kupokea nako kuna ugumu wake, hasa kwa aliyezoea kuwa mtoaji.

Waliokuja matanga wamekula akiba yangu yote. Huo nao niuite wema?

Nimeulizwa hili na watu wengi kuliko mnavyodhani, kwa sauti ya chini.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, mwaka wa 8 Hijria, yaani 629, Mtume alisema watu wa Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Asmaa bint Umays, mjane wake, alipelekewa chakula. Hakuwapikia waliokuja kumpa pole. Sisi tumeligeuza. Mfiwa ndiye anayechinja, mfiwa anaulizwa pilau itakuwa na viazi au haina, na siku ya tatu kuna mtu analalamika chai ilikuwa nyepesi. Mimi hapo sioni wema, naona mazoea, na mazoea haya yanawauzisha watu mafriji.

Yupo lakini aliyekuja na sahani yake imefunikwa kawa, akaiweka jikoni, akaosha sufuria mbili, akaondoka bila kukaa mkekani. Huyo mkumbuke.

Nitamtofautishaje mwema na tapeli?

Msiba unanukia mbali. Tangazo la kifo linasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na namba yako ya kupokelea rambirambi iko chini yake, kila mtu anaiona.

Wako wa aina tatu. Wa kwanza anapiga simu: nilikuwa nafanya kazi na marehemu, kuna fedha zake zimekwama, tuma kidogo ya kufungulia. Kata simu. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma unaripotiwa bure kwenda 15040. Namba yako ya siri usimpe hata anayejiita wa kampuni ya simu.

Wa pili ana deni: "Nilikuwa namdai mzee laki nane, sikutaka kusema mbele ya watu." Deni la marehemu kweli hulipwa kabla ya kugawa mirathi, ndiyo maana uongo huu unafanya kazi kwa watu wacha Mungu. Usilipe wewe. Mwambie apeleke karatasi na mashahidi kwa msimamizi wa mirathi. Mwenye dai la kweli atakwenda. Kwangu walikuja wanne, akaenda mmoja, na huyo alilipwa.

Wa tatu ni mgumu, kwa sababu haombi kitu. Anakuletea maji, anakutengenezea bomba, kila jioni yupo. Mwezi wa pili anataka kujua hati ya nyumba ina jina la nani. Kipimo changu ni cha kienyeji: mwema wa kweli hakasiriki ukimwambia leo usije. Anayenuna kwa kukataliwa kusaidia, alikuwa na bei yake toka mwanzo.

Mimi ni mwanamume. Mbona hakuna anayenipa pole?

Lugha yenyewe imewapunja. Mjane kila mtu anamjua. Ukisema mgane, nusu ya watu wanauliza ndiyo nini. Mwanamume akifiwa anaambiwa jikaze, na kabla ya arobaini shangazi ameshakuja na jina la binti wa mtu.

Wanaume walionieleza ukweli wao walipata faraja pasipo na maneno. Mmoja, dereva wa lori, alisimama Segera kunywa chai. Muuza chai akamwambia leo mbona umeagiza kikombe kimoja, mama umemwacha wapi? Alikuwa akisafiri na mkewe mara nyingi. Akajibu. Muuza chai akavuta kigoda, akakaa naye robo saa nzima, wateja wanamngoja, hajasema kitu. Dereva ananiambia hicho ndicho kikao pekee cha msiba alichokaa akiwa mfiwa. Vingine vyote alikuwa akipanga viti na kulipia maji.

Niko Muscat, mume amezikwa nyumbani na mimi sikuwahi.

Pole sana, dada yangu. Kuzika kwa simu ni msiba juu ya msiba. Faida moja ya huko uliko ni kwamba Kiswahili kinakaa mdomoni mwa watu usiowadhania: wazee waliozaliwa Unguja na Pemba, na watoto wao. Mwenzetu mmoja alikuwa dukani Mutrah akiongea na nyumbani huku analia. Bibi mmoja wa Kiomani, buibui mpaka chini, akamgusa bega akamwambia kwa Kiunguja safi, "Makiwa, mwanangu." Hawajawahi kuonana tena. Anasema alikuwa hajapewa makiwa na mtu ana kwa ana tangu mume afariki, wiki tatu.

Mimi sijaona wema wowote. Watu wamenipita tu.

Nakuamini. Sitakuambia ufungue macho vizuri. Iko mitaa ya kupanga, mjini, ambako mlango wa pili hawajui kama kuna msiba. Ninachoweza kukupa ni hiki: toka kwa sababu ndogo, kila siku, mahali pamoja, saa ileile. Genge lilelile, kituo kilekile. Mtu baki hukuzoea kwanza ndipo akaona umebadilika. Hutafuti rafiki, unamtafuta tu mtu atakayesema "jana hukupita".

Nikimwona mfiwa nisiyemjua, mimi nifanye nini?

Jeneza likipita, toka dukani ulibebe hatua kumi. Tanga hili bado lipo, namshukuru Mungu: muuza duka anaacha mizani, mwenye baiskeli anaiegesha ukutani, wanapokezana begani mtu wasiyemjua jina, halafu kila mmoja anarudi alikotoka. Sisi wanawake tunabaki nyumbani, hatuyaoni hayo. Mwanangu wa kiume ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba tangu mtaani kwetu mpaka msikitini mikono ilikuwa inagombania mti wa jeneza, na wengi hakuwajua. Nilimwomba anisimulie tena. Mpaka leo namwomba.

Kwa hadithi, anayelifuata jeneza mpaka likaswaliwa ana qirati moja, yaani kipimo cha thawabu, na mpaka kuzikwa ana mbili, kila moja kama mlima. Kwa Wakristo iko habari ya mjane wa Sarepta, aliyekuwa amebakiza konzi ya unga na akampa mgeni.

Maneno machache: "pole" inatosha. Usiseme unajua anavyojisikia, wala usiulize alikuwa anaumwa nini. Usiseme "ukihitaji chochote niambie", hatakuambia. Shika ndoo.

Nitajuaje kwamba huzuni hii inataka daktari?

Kifua kikibana, pumzi ikikata, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri mtu akusomee. Jakamoyo si msemo tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hulegea ghafla, mara nyingi baada ya mshtuko kama kufiwa, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Waliiita takotsubo, kwa kuwa chumba cha moyo huvimba kikafanana na chungu cha kutegea pweza. (Wenzetu kumbe wanamtega kwa chungu, huku kwetu tunamchokoa mwambani.) Wengi hupona kwa wiki chache wakitibiwa, lakini dalili zake ni zilezile za shambulio la moyo, na wewe huwezi kuzitofautisha ukiwa kitandani kwako.

Huzuni yenyewe haina ratiba. Zile "hatua tano" za huzuni wanazotajiwa wafiwa zilitoka kwa Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa, kwa hiyo usijipime nazo. Shirika la Afya Duniani linahesabu majonzi kuwa ugonjwa yakiendelea kwa ukali zaidi ya miezi 6, kupita desturi za mahali, na mtu akashindwa kuendesha maisha. Na ukianza kutaka kumfuata marehemu, mwambie mtu leo. Hata nesi usiyemjua.

Shemeji zangu wananitoa nyumbani. Hapa mtu baki atanifaa nini?

Atakufaa kuliko ndugu, kwa kuwa hana fungu katika nyumba hiyo. Kwa Tanzania, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia wasio na uwezo bila malipo; waulizie ofisi ya kata au ustawi wa jamii wilayani. Shughulikia cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo, ndipo ukafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Usisaini karatasi yoyote ndani ya matanga. Aliyefiwa juzi hasomi, anatazama tu herufi.

Yule mama wa wodini, uliwahi kumpata?

Hapana. Nilirudi Dar mwaka uliofuata, nikaenda mpaka kwenye baraza lile. Mikeka ilikuwa ya watu wengine. Nikagundua sina hata cha kuulizia: jina sina, kwao sikujui. Bahasha ninayo, wino umefifia, tarakimu zake zimelalia kulia. Siku 11 tulilala mkeka kwa mkeka, na sikuwahi kumuuliza baba yake anaumwa nini.